Mwai Amepata Jiko

Siku Mwai alipopata jiko, soko zima la Othaya lilinipongeza kabla mimi mwenyewe sijajua kuna nini. Mama wa viazi alinishika mikono yote miwili. Muuza nyanya akapiga vigelegele, kisha akaninunia papo hapo.

"Tata Sophie, kumbe kijana ameoa kimya kimya! Hata chai hatukuitwa!"

Mwai ni mtoto wa marehemu kaka yangu, mimi ni tata yake, yaani shangazi. Nimemlea tangu akiwa hajajua kufunga vifungo vya shati, na kama angeoa bila mimi kujua, ningemfuata hata madhabahuni na mwiko mkononi. Niliacha kabichi zangu pale pale, nikapanda kilima kwenda shambani huku hasira imenijaa mpaka shingoni. Nikamkuta amesimama ndani ya shimo la msingi wa nyumba yake, vumbi hadi kwenye kope. Kando yake alikuwa Simeon, jirani yetu, aliyekuwa akimsaidia kuchimba. Simeon ana mdomo wa kufungwa kwa kufuli. Ndiye aliyekuwa ameshuka sokoni kununua sigara na kumtangazia kila aliyekutana naye kwamba Mwai amepata jiko.

Na kweli alikuwa amelipata. Mawe matatu meusi, yamekaa vile vile mafiga yanavyokaa jikoni kwa mtu yeyote, katikati yake majivu, na vigae vya vyungu vimetapakaa pembeni. Yalikuwa chini kabisa, mahali ambapo Mwai alitaka kusimamisha nguzo ya sebule.

"Hii ni ya Agumba," Simeon akasema. Alimaanisha wale watu wafupi wa hadithi, ambao bibi zetu walituambia walikaa kwenye vilima hivi kabla yetu sote. "Walikuwa wanaishi kwa mashimo. Na hao watu walikuwa wanaficha mali, mimi nakwambia."

"Fukia," nikamwambia Mwai. "Fukia sasa hivi, mwaga zege, ujenge."

Usinihukumu kabla hujajua nyumba ile ilikuwa ya nini. Mwai alikuwa na mchumba, Gacheri, mwalimu wa historia katika shule ya wasichana hapo Othaya. Ni Mmeru wa Nkubu, upande wa pili wa mlima. Kwa ajili yake nyumbani kwangu tumezoea kuongea Kiswahili, kwa maana Kimeru chake kikikutana na Kikuyu chetu kila mtu hucheka na chai hupoa. Msichana nilimpenda. Tatizo lilikuwa baba yake.

Mwalimu Gatobu alifundisha Kiswahili maisha yake yote, na kustaafu hakukumponya. Ukimsalimia vibaya anakusahihisha kwanza, kisha ndipo anaitikia. Mwai alipokwenda Nkubu mara ya kwanza, mimi nikiwa naye, alijifunga tai, akasema, "Mwarimu, nimekuja tuongee mambo ya mahari."

"Mahari au mahali?" mzee akauliza.

Mwai akaniangalia. Sisi huku kwetu l na r ni mtu na ndugu yake, ukimwita mmoja anaitika mwingine. Mimi nina nafuu kidogo kwa sababu nilikaa Mombasa miaka mingi, marehemu mume wangu akifanya kazi ya reli, na majirani zangu wa Changamwe walinicheka mpaka ulimi ukanyooka. Lakini Mwai hakupata bahati ya kuchekwa hivyo.

"Yote, Mwarimu," akajibu.

"Basi lete yote," mzee akasema. "Mahari, na sisi Wameru mahari huanza na asali, bila asali hatufungui mdomo. Na mahali pa kumweka binti yangu, nyumba ya mawe, si chumba cha kupanga. Siku utakapojua tofauti ya maneno hayo mawili, utaniandikia, nami nitakupa tarehe."

Tukarudi na njaa yetu, kwa sababu hata chai ilikuja baridi. Ndiyo maana nikasema fukia. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa mlango wa kuingilia kwa mzee, na sasa imekalia jiko la watu wasiojulikana.

Gacheri alifika kutoka shuleni, akaingia shimoni na viatu vyake vya kazi, akachutama mbele ya mawe yale kama mtu aliyefika kanisani. Mwai akamweleza kwamba Tata anasema tufukie.

"Ukifukia hii, unifukie na mimi," akasema.

Mambo yakaishia hapo. Gacheri akampigia simu rafiki yake Nadifa, mtaalamu wa mambo ya kale, mzaliwa wa Nanyuki. Baba yake Nadifa, Abdihakim, ni mchuuzi wa mifugo anayejulikana hadi Doldol, na binti aliwajua mbuzi kabla ya kujua kusoma. Alikuja na brashi, vijiti na kamba. Akazungusha kamba zake kila upande, akatuambia kwa upole kwamba asishuke mtu na jembe tena. Palikuwa na nyumba ya duara, alisema, na nyuma yake zizi la mbuzi, kwa maana samadi ilikuwa imelala tabaka juu ya tabaka. Watu walikaa hapa muda mrefu, mamia ya miaka iliyopita. Mamia mangapi, maabara ndiyo ingesema.

"Na nyumba yangu?" Mwai akauliza.

"Subiri tumalize. Halafu tutaona kama utaisogeza."

Usiku ule Mwai hakula. Asubuhi, akiwa bado amejifunika shuka mabegani, akaniambia amemwandikia Mwalimu, ili asije akasikia kwa watu kwamba ujenzi umesimama. Alitaka kuwa mkweli. Ana moyo mzuri yule mtoto, ila akiandika anaandika kama anavyoongea. Akanipa simu nisome.

"Shikamoo Mwarimu. Tumepata mahari ya kare katika shamba, chini ya msingi. Watu wanakuja kuangaria. Naomba uvumirie kidogo."

Nilitaka kumwambia kitu, lakini kabla sijafungua mdomo simu ikalia. Mzee alikuwa amejibu.

"Marahaba. 'Mwarimu' ni kosa. 'Kare' ni kosa, sema 'kale'. 'Kuangaria' ni kosa. 'Uvumirie' ni kosa. Nimefurahi mno. Tutakuja Jumamosi kuyaona."

"Tata! Anakuja!" Mwai akaruka na shuka lake. "Kumbe anapenda historia kama Gacheri!"

Nikasoma tena ujumbe ule, polepole. Kuyaona. Hakuandika kupaona. Mahali ungepaona, mahari ndiyo unayoyaona. Mzee alikuwa amesahihisha kila neno lisilokuwa la Kiswahili, lakini mahari ni neno safi, halina doa, basi akalipita. Na Mwai, kwa kutojali ngeli, alikuwa ameandika "ya" badala ya "pa", akaukamilisha mtego bila kujua kwamba anatega. Mwalimu Gatobu alikuwa anaamini kwamba tumefukua mahari. Mali ya wazee! Pembe za ndovu, labda, au chungu kilichojaa nani ajuaye nini. Nilicheka hadi ikabidi nikae kwenye gunia la viazi.

"Unacheka nini, Tata?"

"Furaha, mwanangu. Nenda kamwambie Simeon atutafutie beberu mnene."

Ningeweza kumwambia. Lakini mzee alikuwa amekataa kutupa tarehe kwa mwaka mzima, na sasa alikuwa amejipa tarehe mwenyewe. Mimi ni nani nimzuie mgeni kuja?

Jumamosi walifika kabla ya saa sita. Mwalimu Gatobu alivaa suti ya kijivu na kofia yenye unyoya. Aliandamana na mdogo wake Kathurima, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, na dada zao wawili waliovaa leso zinazofanana. Nikatupa jicho kwenye pikapu waliyokuja nayo. Nyuma ilikuwa tupu, imefagiliwa, isipokuwa kamba na magunia yaliyokunjwa vizuri. Nikaingia jikoni nikaficha uso kwenye mvuke wa sufuria.

Wakala mukimo, wakala beberu, wakanywa chai, wakaongezwa. Gacheri alikuwa anahudumu huku na huku, uso umemng'aa, akidhani baba yake amelainika kwa ajili ya elimu. Mwishowe mzee akajifuta midomo kwa kitambaa.

"Haya. Tuonyesheni."

Tukapanda shambani kwa msafara. Nadifa alikuwa amepiga magoti shimoni akipangusa jiwe la tatu. Akainuka, akasalimia, akaanza kueleza: hapa palikuwa mlango, hapa walilala, hili ni jiko. Mzee alimsikiliza kwa adabu, huku macho yakitembea kutoka pembe hii ya shimo hadi ile. Alikohoa.

"Na yenyewe yako wapi?"

"Yepi, Mwalimu?" Nadifa akauliza.

Kathurima hakuwa na subira ya kaka yake. "Ile mali! Hapa naona mawe tu na mafi ya mbuzi. Ati tumebeba kamba ya nini basi? Si ulisema wako na mahari ya wazee wao?"

Hata Simeon alinyamaza, na hilo sijaliona tena tangu siku ile. Mwalimu Gatobu akatoa simu mfukoni, akavaa miwani, nami nikaiona midomo yake ikisoma herufi moja moja. Alisoma mara ya kwanza. Mara ya pili alifika katikati akasimama. Masikio yake yakabadilika rangi. Nikajua ameliona.

Akamgeukia Mwai, na Mwai, maskini, alikuwa bado hajaelewa chochote, amesimama anatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Gacheri alikuwa ameelewa. Alikuwa amechungulia simu juu ya bega la baba yake, akajiziba mdomo, na machoni mwake nikaona hofu, kwa maana alijua mzee akiaibika mbele ya dada zake hatasamehe hata kwa mbuzi mia. Neno moja tu la hasira pale, na harusi imezikwa kwenye shimo lile lile.

Nikaona zamu yangu imefika.

"Mwalimu amekuja kuona mahali," nikasema kwa sauti ya kanisani. "Mahali pa kale. Mwai alikosea herufi, lakini nani asingejua? Msomi kama Mwalimu adanganywe na herufi moja?"

Mzee akaniangalia juu ya miwani. Alijua kwamba ninajua. Mimi nikamwangalia kwa uso mtakatifu.

"Bila shaka," akasema hatimaye. "Nilielewa tangu mwanzo kwamba ni mahali."

"Wewe?" Kathurima akang'aka. "Si ulitusomea kwa simu ukisema mahari!"

"Kathurima, tangu shule ya msingi masikio yako hayatofautishi l na r. Nimechoka kukusahihisha."

Kathurima akaenda kuangalia samadi. Dada zao wakatazamana. Mmoja alikuwa anauma ncha ya leso ili asicheke, na nikampenda kuanzia hapo.

"Basi ni vizuri," nikaendelea, "kwa sababu sasa tunaweza kupongezana. Kwetu sisi, watu wa msichana wakija kwa mvulana kukagua jiko atakalopikia binti yao, huo ni mkutano tunaouita itara, kwa jina la kile kichanja cha kuni juu ya moto. Na itara haiji mwanzo. Huja baada ya pande mbili kukubaliana mahari. Nyinyi mmekuja wenyewe, kwa hiari yenu, mmekula beberu wetu, na sasa mmesimama mmelitazama jiko. Jiko lenyewe hilo hapo, mafiga matatu. Kwa hiyo kukubali mmeshakubali. Kilichobaki ni siku ya harusi."

"Hiyo ni hila, mama," mzee akasema.

"Ni desturi, Mwalimu. Au mlikuwa mmekuja kuangalia kitu kingine?"

Akatupa jicho kule chini kwenye pikapu, penye kamba na magunia. Nilikuwa nimemshika, na nakiri nilisikia raha tele, raha ya mtu aliyepewa chai baridi na kuirudisha ikiwa moto.

Lakini hakukasirika kama nilivyotarajia. Alivua kofia, akashika ukingo, akateremka shimoni na suti yake ya kijivu. Akachutama mbele ya yale mawe.

"Binti," akamwambia Nadifa, "moto huu ulizimwa na nini? Vita?"

"Hapana, Mwalimu. Hakuna dalili ya vita wala nyumba kuungua. Majivu yako safu nyingi, mtu aliwasha moto hapa hapa kwa miaka na miaka. Kisha siku moja hawakuwasha tena. Juu yake ni udongo mtupu."

"Waliondoka tu."

"Waliondoka tu. Kwa nini, sijui."

Mzee akagusa jiwe moja kwa kidole, Nadifa hakumkataza.

"Tangu mama yake Gacheri afariki," akasema, na sikujua anamwambia nani, "moto wangu unawashwa siku binti huyu anapokuja. Siku nyingine nakula mkate. Nimekula mkate mwingi sana. Akiolewa huku, nani atazunguka mlima kuja kuwasha?"

"Baba!" Gacheri akaruka shimoni na kupita kamba zote za Nadifa. "Mwaka mzima unamsumbua Mwai na l na r, kumbe ni hilo? Si ungeniambia?"

"Nilikuwa natafuta neno sahihi," mzee akasema.

Ile raha yangu ikanywea. Mimi pia ni mjane. Ninajua jinsi sufuria ndogo inavyotosha, na jinsi hata hiyo ndogo inavyobaki na chakula. Nilimwonea huruma kwa moyo wote, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikajionea huruma kidogo na mimi.

Mwai akasogea ukingoni, mikono nyuma. "Mwarimu, nyumba niko na nafasi ya kuongeza chumba. Hata kama tutaisongesha huko juu. Ukitaka, uko na mahari hapa siku zote."

Mzee akainua uso. Nilimwona anavyopigana na ile l, anataka kusema, anataka sana. Akaimeza.

"Asante, mwanangu," akasema. "Mnaweza kupanga tarehe."

Tulipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Kathurima, aliyekuwa hajasikia vizuri, alipiga kuliko wote, akiamini kwamba mali imepatikana.

Nyumba ilisogezwa juu kidogo, na msingi haukukuta ila mizizi ya mbuni. Nadifa aliendelea kuchimba taratibu hadi miezi ya baridi, ukungu ukishuka asubuhi na kukaa mpaka mchana. Na Mwalimu Gatobu akaanza kuja. Mara ya kwanza alisema anakuja kuona jinsi uchimbaji unavyoendelea. Mara ya pili alisema anakuja kumsaidia Nadifa kuandika maelezo kwa Kiswahili sanifu. Mara ya tatu hakusema anakuja kwa nini, alikaa jikoni kwangu, akaniambia kwamba chai yangu ina tangawizi nyingi mno, akanywa vikombe vitatu. Alikuwa ananisahihisha vitenzi, nami namsahihisha namna ya kumenya viazi.

Nadifa alipomaliza kazi, alipakia vigae vyake kwenye masanduku, akayafunika mafiga kwa mchanga mlaini ili yakae salama, akarudi Nanyuki. Shimo likafukiwa. Wiki ile ikawa haina sababu ya mtu yeyote kutoka Nkubu kuja Othaya. Ijumaa jioni nikachukua simu, nikaiangalia, nikaiweka. Nikaichukua tena, nikaandika.

"Mwalimu, kuna baridi. Chai iko. Jiko la kale limefukiwa lakini langu linawaka. Karibu, mahari ni yale yale."

Hakujibu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusahihisha kitu.

Asubuhi nikasikia pikapu. Alishuka na suti ya kijivu na kofia yenye unyoya, amekumbatia mtungi mkubwa wenye mfuniko wa ngozi, anatembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akauweka juu ya meza yangu. Nikanusa kabla hajaufungua. Ilikuwa asali.

"Mwalimu, hii ni ya nini?"

"Mimi husoma kilichoandikwa, mama," akasema, masikio yakibadilika rangi. "Uliandika mahari. Na mahari huanza na asali."

Simeon ameshasambaza habari soko zima kwamba Tata Sophie aliteleza kidole. Muuza nyanya naye ameniuliza, na dada zake Mwalimu, na hata Mwai, ambaye sasa anaandika kila ujumbe mara mbili kwa hofu. Nawajibu wote kwamba ndiyo, nilikosea, uzee huu, macho haya. Lakini wewe chukua simu yako uangalie. R iko upande huu, l iko upande ule kabisa. Kidole gani hicho cha kuteleza kutoka pale hadi pale, kisha kikabadilisha na ngeli?